Mafunzo ya dini kwa watoto wa Kiyahudi
Mtaala wa dini wa mwisho wa juma kwa watoto wa Kiyahudi huongozwa na Sabato. Kwa kuwa sheria yao hukataza kuandika siku hiyo, Jumamosi hufaa kwa sala, nyimbo na visa vya Torati; kuandika herufi za Kiebrania husubiri Jumapili.

Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi makao katika uwanda wa Uasin Gishu, penye Moiben ya leo. Mkutano wa Wazayuni ukakataa mwaka 1905. Dini hiyo iliota mizizi karibu na Mbale, Uganda, alikoifuata Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku miaka ya 1970, wengi waliiacha. Waliosalia waliabudu kwa siri. Mtaala, basi, hauna budi kutanguliza yanayokaririwa, maana hayo hayanyang'anyiki.