Dawa za Choo Kigumu: Tulikotoka na Tulipo

Leo tutaangalia historia ya dawa za choo kigumu, kwa sababu mengi tunayowafanyia watoto wetu tuliyarithi.

Dawa hizi ni za kale sana. Wamisri waliandika kuhusu mbarika, ambayo wengine huiita nyonyo, katika hati ya Ebers, yapata mwaka wa 1550 kabla ya Kristo. Sanamaki nayo ilienezwa na matabibu wa Kiarabu, na pwani yetu bado inajulikana. Lakini mbarika na sanamaki hazilainishi choo. Huchokoza utumbo ujikaze na kusukuma. Ndiyo maana mtoto aliyenyweshwa mafuta ya mbarika husokotwa na tumbo, akaharisha na kupoteza maji mwilini. Mama mja mzito pia asiyanywe, kwani yanaweza kuamsha uchungu.

Katika karne ya 20 ilikuja fenofthaleni, ambayo hata ilitiwa katika chokoleti. Mwaka wa 1999, Marekani iliiondoa katika dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, baada ya uchunguzi wa wanyama kuonyesha hatari ya saratani. Kwa hivyo, usidhani kwamba kila dawa tamu haina madhara.

Miaka ya 1950 ilileta njia ya upole. Dokuseti ilitengenezwa ili maji yaingie ndani ya choo, ingawa utafiti wa baadaye haukuona ina nguvu nyingi. Laktulosi ni sukari isiyosagwa tumboni, nayo huvuta maji utumboni. Dawa hizi hazifanyi kazi papo hapo. Ngoja siku moja hadi tatu, wala usiongeze kipimo kwa kukosa subira. Kunywa maji ya kutosha.

Kisha mwaka wa 1972, Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji nchini Uganda, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba wanakijiji wa Uganda waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi walipata choo kingi na laini kuliko Waingereza. Mama, dawa ya kwanza iko shambani: maharagwe, githeri, sukuma wiki, papai na maji.

Kumbuka haya:

- Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kama choo ni laini, ananyonya vizuri na anaongezeka uzito, usimpe dawa.
- Usimtie mtoto kipande cha sabuni wala kumpiga bomba nyumbani.
- Mtoto apewe dawa kwa kipimo cha mhudumu wa afya, kulingana na umri na uzito.
- Mtu mzima asizidishe wiki moja bila ushauri.
- Ukiona tumbo limevimba, kutapika, damu kwenye choo, homa au maumivu makali, usitoe dawa yoyote ya choo. Kimbia kituo cha afya.