Milo Mingi, Umetaboli na Uzito wa Mwili: Hoja kutoka Voi

Ushauri wa kula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku umeshika mizizi miongoni mwa Wakenya wanaotaka kupungua. Unategemea dhana kwamba umetaboli ni kama moto wa kuni: asiyetia kitu kinywani kila baada ya saa mbili tatu anauacha uzime. Makala haya yanashikilia kwamba dhana hiyo haina msingi na kwamba katika mji kama Voi, unaoishi kwa barabara kuu na reli ya Mombasa hadi Nairobi, kuifuata kunaweza kumnenepesha mtu badala ya kumpunguza. Jambo lenyewe ni zito. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Mwili hutumia nishati kumeng'enya chakula, kukifyonza na kukihifadhi. Kwa chakula cha mchanganyiko wa kawaida, gharama hiyo ni takriban asilimia 10 ya nishati iliyoliwa. Anayekula kilokalori 2,000 katika milo mitatu hutumia kama 200 kwa kazi hiyo. Akizigawa katika milo sita, kila mlo hudai nusu ya ulichodai awali na jumla hubaki ile ile. Kinachoibadilisha ni aina ya chakula: protini hudai asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake, wanga 5 hadi 10, na mafuta 3 au pungufu. Mwaka 1997, Bellisle, McDevitt na Prentice walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakuona ushahidi kwamba wingi wa milo huongeza matumizi ya nishati. Mwaka 2010, Cameron na wenzake nchini Kanada waliwapunguzia chakula watu wanene kwa wiki nane. Waliokula milo mitatu na waliokula mitatu pamoja na vitafunio vitatu hawakutofautiana katika uzito waliopoteza. Karibu zaidi na kwetu, Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa miili yao, wawindaji hao wanaotembea kutwa walitumia nishati sawa na watu wa nchi za Magharibi. Umetaboli ambao hata mwendo huo haukuupandisha hauwezi kuchochewa na andazi la saa nne asubuhi.

Ni lipi basi linalotokea mtu wa Voi anapoongeza mlo? Kinachopatikana kwa urahisi kandokando ya stendi na vituo vya malori ni chai ya maziwa yenye sukari, maandazi, mahamri, chapati, viazi vya kukaanga na soda: ngano, mafuta na sukari, huku protini na nyuzinyuzi zikiwa haba. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Anayekunywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amefikisha gramu 60 na kilokalori 240 kabla hajahesabu alichosindikizia chai hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa mlaji wa kilokalori 2,000. Hapo ndipo hesabu nzuri ya mshauri inapoharibika, kwa kuwa yeye aliwaza tunda na karanga chache, ilhali mtaa unauza kitu kingine. Upo pia mlo wa vilima vya Taita, kimanga: maharagwe yaliyopondwa pamoja na mihogo, viazi vitamu au malenge. Sahani moja ya kimanga humshibisha mtu kwa saa nyingi, na kwa maoni yangu inastahili nafasi kubwa zaidi katika ushauri wa lishe wa kaunti hii ya Taita Taveta kuliko ratiba yoyote ya saa.

Wapo watakaopinga kwa kumtaja Fábry, aliyechapisha mwaka 1964 katika jarida la Lancet kwamba wazee wa Prague waliokula mara chache walikuwa wazito kuliko waliokula mara nyingi. Lakini anayenenepa mara nyingi ndiye anayeanza kuruka milo, tena mlaji hupenda kusahau vitafunio anapohojiwa. Unene unaweza kutangulia uchache wa milo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba kula mara kwa mara huzuia njaa inayomfanya mtu afakamie chakula usiku. Jaribio la Ohkawara na wenzake la 2013 lilikuta kinyume, kwani milo sita iliongeza njaa kuliko mitatu. Hata hivyo watu hawafanani, na ambaye milo minne inamtuliza hana sababu ya kuiacha.

Wala huu si wito wa kufunga. Tafiti kuhusu mfungo wa Ramadhani zinaonyesha kwamba uzito hupungua kwa kilo moja hivi, kisha sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi. Wapo pia ambao kwao ratiba ya milo ni tiba: mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi akiruka mlo anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia, na mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa udogo wa tumbo lake, lazima alishwe mara kadhaa kwa siku. Zaidi ya hayo, Taita Taveta ni miongoni mwa kaunti kame za Kenya. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, inapopima hali ya kaya, huhesabu kupunguza idadi ya milo kuwa dalili ya uhaba wa chakula. Mkata mkonge wa Mwatate anayekula mara mbili na mwenye duka wa Voi anayekula mara mbili ili apungue wataandikwa jibu moja kwenye fomu ya kliniki. Kabla ya kuuliza mtu anakula mara ngapi, afisa wa lishe angeuliza chai yake ina vijiko vingapi vya sukari, maharagwe huingia chunguni siku ngapi kwa wiki, na ni usiku gani mwezi huu alilala bila chakula kwa sababu hakikuwepo.