Kinga-Joto: Jina na Kazi Yake

Chini ya sakafu ya gari, baina ya bomba la ekzosi na bati linalobeba miguu ya abiria, hufungwa kipande chepesi, aghalabu cha alumini au cha chuma kilichopakwa alumini, kilichokunjwa kwa kuufuata mzingo wa bomba, ambacho mafundi wetu hukiita bati tu, na wenye magari wengi hawakijui kwa jina lolote. Kiingereza kimekipa jina la maneno mawili, joto na ngao. Nasi yafaa tukipe jina litakaloeleza amali yake, kwa maana kitu kinachoitwa bati hutendewa kama bati: skrubu zikilegea kikaanza kulia njiani, hung'olewa na kutupwa nyuma ya gereji, na mwenye gari hushukuru kwa kuondolewa kelele, asitambue kwamba juma lile lile nyayo zake zitaanza kuchemka.

Jina haliwezi kusimama pasipo msingi, na msingi wake ni kujua joto hufikaje miguuni. Shuleni twafundishwa njia tatu: mpitisho, ambao ni joto kutembea ndani ya kitu kigumu, msafara, ambao ni joto kubebwa na hewa au maji yanayokwenda, na mnururisho, ambao hauhitaji kigumu wala hewa. Akaaye mbele ya kuni usiku wa baridi huungua uso ilhali mgongo wake unatetemeka, na hewa iliyomzunguka ni ile ile moja. Huo ndio mnururisho. Mwaka 1879 Josef Stefan alibainisha kwamba nguvu ya mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikiwa halijoto hiyo imehesabiwa kutoka nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa sharia hiyo, bomba la ekzosi lenye nyuzi 600 halinururishi joto maradufu ya bomba lenye nyuzi 300, kama akili ingedhani kwa haraka, bali zaidi ya mara 5. Ndiyo sababu gari lililotulia mjini humwudhi dereva kidogo tu, na lile lile likipanda mlima limesheheni mizigo humfanya avue viatu.

Basi kipande kile chepesi hufanyaje kazi? Uso wa alumini iliyong'aa hupokea sehemu chache tu katika kila 100 za mnururisho unaoufikia, na zilizobaki huzirudisha zilikotoka, ilhali chuma kilichopakwa rangi nyeusi hupokea kadiri ya 90. Fauka ya hayo, baina yake na sakafu huachwa nafasi ya hewa, na upepo wa mwendo hupita hapo ukichukua joto kidogo lililopenya. Nafasi hiyo ni nusu ya kazi nzima. Fundi aibanaye kinga kwa kuigandamiza kwenye sakafu, ili isilie tena, ameubatilisha uundaji wake, kwani mnururisho ameugeuza kuwa mpitisho.

Hapo ndipo majina yanapochujika. Ngao ni neno tukufu, lakini ngao hushikwa mkononi dhidi ya adui mmoja aliye mbele, na kwa sikio langu huvuta fikira kwenye vita kuliko kwenye ufundi. Kihami ni neno zuri la sayansi, ila limekwisha kupewa kazi nyingine: ni kitu kinachozuia mpitisho, kama mpira wa waya wa umeme. Tukiita kipande hiki kihami, fundi atadhani inatosha kushindilia sufi au vitambaa penye nafasi ile. Navyo vitanyonya oili inayodondoka, na siku moja vitashika moto. Kukinga ni kukizuia kitu kingali njiani, kama mtu anavyokinga jua kwa kiganja, na ndivyo hasa kipande hiki kifanyavyo. Najua kwamba kinga ni pia kijinga cha moto, na wazee husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Lakini maana mbili hizo zimeishi pamoja tangu zamani bila kuchanganyika, na likiungwa na joto neno hili halimpotezi mtu. Kwa hiyo nasema kinga-joto.

Ama katika kutafuta chanzo cha joto la miguuni, isidhaniwe kwamba kila mara kinga-joto ndiyo yenye hatia. Kwanza na iulizwe kama joto linakuja na hewa. Dereva aweke mkono penye matundu ya hewa ya chini ya dashibodi: ikiwa hewa itokayo ni ya moto hali ameichagua ya baridi, aibu ni ya koki ya hita au kilango kinachochanganya hewa, kwani nyuma ya dashibodi mna rejeta ndogo inayopitiwa na maji ya injini. Pili, zitazamwe raba zilizoziba matundu ya nyaya na mtaimbo wa usukani katika ukuta ulio kati ya injini na abiria. Gari likiwa uwanjani, milango wazi, na baada ya kuhakikisha hapana petroli inayovuja, kijiti cha udi kikiwashwa karibu na pedali na moshi wake ukasukumwa kuingia ndani, pana tundu. Tundu hilo si la kudharauliwa, kwa kuwa gaskiti ya ekzosi ikiwa imepasuka, pamoja na joto huingia monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Hewa ikiwa haina hatia, na liinuliwe zulia. Mara nyingi upande wake wa chini huonekana doa la kahawia lililokauka, lenye upana wa kiganja, na bati lililo chini yake huwa la moto kuliko pembeni. Mtu aingie chini ya gari lililopoa, atazame mkabala wa doa lile: ataona vichwa vya skrubu zilizokatika, na pengo ambapo kinga-joto ilikuwa. Ikiwa ipo salama, basi ashuku masega, yaani kile chombo cha kusafishia moshi kilichoungwa kwenye bomba la ekzosi. Plagi isiyochoma hupeleka petroli mbichi kwenye masega, ikaungulia humo hadi chuma kikawa chekundu, na hapo hakuna kinga itakayotosha.

Katika zile Toyota HiAce ambazo injini yake iko chini ya viti vya mbele, hesabu ni nyingine: huko hutazamwa mpira unaozunguka mfuniko wa injini, kwani abiria wa mbele wa daladala na matatu huketi juu yake.

Nawaomba watungao kamusi za ufundi waliandike neno kinga-joto. Na fundi anayeing'oa kwa ajili ya kelele amwambie mwenye gari kwamba skrubu mbili na washa pana zingalitosha kuirudisha mahali pake.