Wembe Ulitangulia Leza
Wengi huihesabu leza kuwa chanzo cha upasuaji wa kutoona mbali. Ushahidi unatupeleka Bogotá, Colombia, alikofanya kazi daktari wa macho José Barraquer, ambaye tangu 1949 alishikilia kwamba konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ikipunguzwa mbinuko, mwanga utatua sawasawa kwenye retina. Leza ya eksima ilijaribiwa kwenye nyama mwaka 1981 tu, katika maabara ya IBM, juu ya kiporo cha bata mzinga wa sikukuu (naam, kiporo!). Atasema mtu: bila leza wazo lile lisingefika mbali. Kweli, maana Barraquer aliikata konea, akaigandisha na kuichonga kwenye kerezo, kazi ya wachache. Lakini daktari Ioannis Pallikaris wa Krete alipofunua konea apitishe leza chini yake, kifuniko kile alikikata kwa mashine ya wembe, uvumbuzi wa Barraquer.