Popo wa Pemba

Popo wa Pemba (jina la kisayansi: Pteropus voeltzkowi) ni popo mkubwa mla-matunda anayepatikana kisiwani Pemba tu, Tanzania. Jina lake linamkumbuka Alfred Voeltzkow, mtaalamu Mjerumani wa elimu ya viumbe. Alielezwa kisayansi na Paul Matschie mwaka 1909.

Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia upana wa mita 1.6 hivi. Jambo la ajabu ni kwamba jenasi ya Pteropus haipo kabisa katika bara la Afrika, ingawa Pemba iko takriban km 50 tu kutoka pwani. Ndugu zake wanaishi visiwani katika Bahari ya Hindi, Asia ya kusini hadi Australia.

Mchana hulala kwa makundi wakining'inia katika miti mirefu, mara nyingi msituni au makaburini, ambako watu hawakati miti ovyo. Usiku hutafuta maembe, mashelisheli, kungu na tini kwa macho na pua. Mbegu wanazozidondosha huota mbali na mti mama.

Jike huzaa mtoto mmoja tu, kwa hiyo uwindaji wa bunduki ulikaribia kuwamaliza. Mwaka 1995 walikadiriwa kuwa 5,000 hivi, na mwaka 1996 IUCN iliwaweka katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Baadaye wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliunda vikundi vya kulinda miti wanamolala na kupokea wageni wanaokuja kuwatazama. Idadi ilipanda hadi zaidi ya 18,000. Ukataji wa miti bado unawatishia.