Breki kushika, breki kushikilia

Dereva wa lori la zamani akisema "breki inashika", amesema nini? Huenda anaisifu, huenda analalamika kwamba gurudumu limebanwa hata baada ya mguu kuondoka kwenye pedali. Kiswahili tayari kina dawa: shikilia. Kama enda ilivyozaa endelea, ndivyo shika ilivyozaa shikilia, kitendo kisichotaka kukoma.

Mtu atasema fundi huelewa kwa muktadha. Si kila mara. Breki inayoshikilia huchemka, dramu hutanuka kwa joto, pedali huzama, na dereva huripoti kwamba breki haishiki. Fundi anayelifuata neno hilo peke yake atakaza breki shuu. Dramu ikipoa na kusinyaa, gurudumu litabanwa zaidi. Angeambiwa "inashikilia", angeliinua gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. Kwenye breki za oili angelegeza nati ya kutolea upepo: gurudumu likiachia, presha imenaswa, pengine kwa sababu paipu ya mpira imevimba ndani au pedali hairudi mpaka juu; lisipoachia, atafute kutu kwenye pistoni au springi iliyochoka. Wapo wanaosema "imejamu", nami sina ugomvi nao, ila neno hilo halitofautishi gurudumu lililogoma kabisa na lile linalozunguka huku likiungua. Shikilia hulitaja hilo la pili, ambalo husafiri kilomita nyingi kabla mtu hajasikia harufu.