Tufe la Krismasi

Mwaka 1541, enzi ya Mfalme Henry wa Nane, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowakataza mafundi, vibarua, wanagenzi na watumishi kucheza mchezo wa kuvingirisha tufe, isipokuwa wakati wa Krismasi, tena nyumbani mwa bwana wao au mbele ya macho yake. Karata na dado zilitiwa katika katazo hilo hilo. Hoja iliyotolewa ni kwamba michezo hiyo iliwafanya watu wauache upinde, silaha ya nchi. Lakini mwenye ardhi ya kumpatia pauni 100 kwa mwaka aliruhusiwa kuwachezesha watu wake bustanini kwake.

Je, mtumishi angeupata wapi ustadi? Tufe hili haliendi moja kwa moja, maana pande zake mbili hazilingani. Mchezaji huinama, akalenga kando ya shabaha, nalo hupinda lenyewe kadiri mwendo unavyopungua. Mkono haujifunzi hayo kwa siku chache za sikukuu! Waingereza huuita mpindo huo bias, neno ambalo sisi walimu tumezoea kulifasiri “upendeleo”.

Katazo la tufe lilifutwa mwaka 1845.